Si kila chungu kipakwe glezi

Kwenye magofu ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, makaburi ya kale yamepambwa kwa bakuli za China. Pwani ilikuwa na wafinyanzi wake hodari, lakini chombo chenye glezi, ile ngozi ya kioo iliyoyeyushiwa juu ya udongo, kililetwa na vyombo vya baharini na kuthaminiwa hadi kaburini.

Mapenzi ya mng'ao hayajaisha, na wapo wanaoutafuta kwa rangi ya mafuta. Kwa chungu cha maua, hakuna neno. Kwa bakuli la mchuzi, hapana! Rangi hiyo haikupita tanurini. Kijiko na maji ya moto huibandua, ikaishia tumboni.

Mtungi wa maji nao uachwe ulivyo. Maji hupoa humo kwa sababu hupenya vitundu vya udongo, yakatokeza nje na kukauka huku yakichukua joto. Glezi huziba vitundu hivyo, na ubaridi hauna tena pa kutokea.

Penye kuhitaji glezi hasa ni vikombe, sahani na bakuli, maana udongo mtupu hunyonya mafuta na shombo la samaki. Hapo ndipo pa kuwa makini. Udongo mwekundu kwa kawaida huchomwa kwenye nyuzi 1,000 hadi 1,150 hivi za Selsiasi. Ukizidishiwa moto, chombo hupinda. Glezi yake basi lazima iyeyuke mapema, na kwa karne nyingi wafinyanzi wa nchi mbalimbali waliiyeyusha kwa madini ya risasi. Hung'aa vizuri mno. Ila ndimu, ukwaju au siki ikikaa humo huing'oa risasi kidogo kidogo na kuitia kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Boroni hufanya kazi hiyohiyo ya kuyeyusha glezi mapema, bila sumu ya risasi. Kaolini, udongo mweupe ambao vilima vya Pugu vinao tele, ikiongezwa kidogo huzuia glezi isichuruzike tanurini.

Mfinyanzi anaweza kuacha kipande cha ndimu juu ya sahani usiku kucha: rangi ikififia, sahani hiyo si ya chakula. Isipofifia, bado risasi inaweza kuwemo, kwa sababu haionekani kwa macho. Kipimo cha maabara ndicho chenye jibu, na Shirika la Viwango Tanzania lingewasaidia sana wafinyanzi wadogo wa Temeke na Kinondoni kwa kuwapimia kwa ada wanayoimudu, huku likivibana vivyo hivyo vyombo vinavyoshushwa bandarini.