Tairi Likisugua, Usilipuuze

Umeitia Land Cruiser yako matairi makubwa ili mchanga wa njia ya Garissa hadi Dadaab usikusumbue. Sasa kila ukikata kona unasikia tairi likisugua madigadi. Je, utangoja lipasuke mbali na fundi, watoto wakiwa juani?

Paka chaki ndani ya madigadi, pakia mzigo wako wa kawaida, kisha endesha polepole ukizungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Chaki itakapofutika ndipo panapogusa. Likigusa kwenye kona tu, fundi arekebishe bolti zinazozuia usukani. Likigusa kwenye mashimo, akague springi. Yakishindikana hayo, rudia saizi ya kiwandani. Usipoziba ufa utajenga ukuta!