Kupunguza Uzito Kabla ya Kupasuliwa: Matibabu au Mtihani?

Nchini Marekani, mgonjwa mwenye unene wa kupindukia ambaye daktari wake amekwisha kuamua kuwa anahitaji upasuaji wa kupunguza uzito, mara nyingi hapelekwi moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Hupelekwa kwanza kwenye mizani. Kampuni yake ya bima humtaka ahudhurie kliniki kila mwezi kwa muda wa miezi 3 au 6 mfululizo, na pengine hata zaidi, akila kwa masharti na kufanya mazoezi, huku kila ziara ikiandikwa katika jalada lake. Akikosa mwezi mmoja, aghalabu hesabu huanza upya. Miezi ikitimia, jalada hupelekwa kwenye ofisi ya bima, na huko ndiko huamuliwa kama gharama italipwa au haitalipwa. Sharti hili huitwa kupunguza uzito chini ya uangalizi wa daktari. Jina ni zuri mno, hata msikilizaji haoni sababu ya kuuliza zaidi. Maana ni nani atakayepinga uangalizi wa daktari?

Hata hivyo, chini ya jina hilo moja yamewekwa mambo mawili yasiyofanana. Lipo jambo la majuma machache: mlo mkali anaopewa mgonjwa siku za mwisho kabla ya kupasuliwa ili mwili wake uwe tayari kwa kisu. Na lipo jambo la miezi mingi: kumjaribu mgonjwa ili ionekane kama anastahili kupasuliwa. La kwanza lina msingi katika fiziolojia na limepimwa kwa majaribio. La pili halina ushahidi wa namna hiyo, ingawa linatetewa kwa heshima ya lile la kwanza. Kuyachanganya mawili haya si kosa la maneno tu, kwa sababu wapo wagonjwa wanaopoteza afya yao katika mchanganyiko huo.

Kwanza yafaa ieleweke ni wagonjwa gani wanaozungumziwa. Waganga hutumia kipimo kinachopatikana kwa kuugawa uzito wa mtu kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. (Mwalimu wa fizikia atasema, na kwa haki, kwamba kinachohesabiwa ni tungamo, lakini kliniki zote husema uzito, na hapa itafuatwa desturi yao.) Mtu mwenye kilo 110 na urefu wa mita 1.65 ana kipimo cha 40 na ushei. Mwaka 1991 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza kuwa upasuaji ufikiriwe kwa mtu aliyefikia 40, au aliyefikia 35 huku akiwa na maradhi mazito yanayotokana na unene, kama vile kisukari. Katika upasuaji huo mfuko wa tumbo hupunguzwa. Namna moja ni kuikata na kuiondoa sehemu yake kubwa, ukabaki mfano wa mrija; namna nyingine ni kutenga kifuko kidogo upande wa juu na kukiunganisha na utumbo mwembamba chini zaidi, chakula kikapita njia ya mkato. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Sweden kuanzia mwaka 1987, uliohusisha watu zaidi ya 4,000, ulionyesha katika taarifa yake ya mwaka 2007 kuwa vifo miongoni mwa waliopasuliwa vilikuwa pungufu kwa karibu robo, vikilinganishwa na vifo vya wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo matokeo yahitaji kusomwa kwa hadhari. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba hapa hapazungumzwi urembo.

Sasa na litazamwe ini. Ini hukaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya kiwambo, na pande lake la kushoto huufunika upande wa juu wa mfuko wa tumbo. Siku hizi upasuaji huu hufanywa kwa kupitisha kamera na vyombo vyembamba katika matundu madogo, na mpasuaji hana budi kuliinua pande hilo la ini ili aone anachokikata. Kwa mtu mnene sana ini huwa limejaa mafuta. Huwa kubwa, zito na laini, na likishikwa kwa chombo cha chuma huweza kuchanika na kutoa damu. Mpasuaji asiyeona vizuri hufanya kazi kwa hatari, na pengine hulazimika kuyaacha matundu na kulifungua tumbo lote kama ilivyokuwa zamani.

Mlo mkali hulipunguza ini hilo kwa haraka ya kushangaza. Mgonjwa hupewa takriban kilokalori 800 kwa siku au pungufu, nyingi zikitokana na protini na chache mno na wanga, ilhali mtu mzima wa kawaida hutumia kiasi cha kilokalori 2,000 au zaidi. Mwili hugeukia akiba yake. Akiba ya kwanza kutumika ni glikojeni, ile sukari iliyofungwa katika ini na misuli. Na kwa kuwa kila gramu ya glikojeni hukaa na gramu kama 3 za maji, inapotumika maji nayo hutoka. Hii ndiyo sababu mizani hushuka sana katika siku za mwanzo, na ndiyo sababu pia furaha ya siku hizo haipaswi kuaminiwa kupita kiasi: kilichoondoka si mafuta tu. Baadaye mafuta yaliyomo ndani ya ini huanza kuchomwa. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walitoa taarifa ya wagonjwa 32 waliowekwa katika mlo wa namna hii kwa majuma 12, wakawa wanapigwa picha za ndani ya mwili mara kwa mara. Ini lilipungua kwa wastani wa asilimia 18.7, na sehemu 4 kati ya 5 za upungufu huo zilitokea katika majuma 2 ya kwanza. Yaani kazi inayomfaa mpasuaji karibu yote ilikuwa imekwisha katika siku 14.

Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya jaribio la Ulaya ambamo wagonjwa walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakala mlo mkali kwa majuma 2 kabla ya upasuaji, wengine wakaendelea na chakula chao cha kawaida. Muda wa upasuaji haukutofautiana. Lakini wapasuaji waliiona kazi kuwa nyepesi zaidi kwa waliojinyima, na katika siku 30 za baadaye waliopata matatizo walikuwa 8 upande mmoja na 18 upande wa pili, katika makundi yenye watu takriban 137 kila moja. Maoni ya mpasuaji si saa wala si rula, na mwenye shaka ana haki ya kuyapunguzia uzito. Hesabu ya matatizo ni ushahidi mgumu zaidi kuupuuza.

Katika majuma hayo neno uangalizi lina maana kamili. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoishusha sukari, akipunguza chakula ghafula bila dozi yake kupunguzwa, anaweza kuzimia kwa upungufu wa sukari katika damu. Mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu naye huhitaji kupimwa upya. Tena kupungua haraka huchochea kufanyika kwa vijiwe katika mfuko wa nyongo. Basi kijana atakayesoma habari hizi asidhani kuwa mlo wa kilokalori 800 ni jambo la kujaribiwa nyumbani.

Ile miezi 6 hutetewa kwa hoja nyingine. Husemwa kwamba mgonjwa atakayeweza kupungua kabla ya upasuaji ndiye atakayeyafuata masharti baada yake, na kwamba asiyeweza kuvumilia miezi 6 hana nidhamu. Kwa maneno mengine, huu ni mtihani. Kila mwalimu anajua kwamba mtihani wowote huulizwa kwanza swali moja: je, unapima kile unachodai kupima? Mtihani wa hesabu ulioandikwa kwa lugha asiyoielewa mwanafunzi humpima lugha.

Mtihani huu wa mizani hupima nini? Mwili wa mtu mnene hautulii tu ukamwachia mwenyewe kazi ya kujinyima. Huutetea uzito wake. Akiba ya mafuta ikipungua, homoni ya leptini iletayo habari ya shibe hupungua, na ile ya ghrelini iamshayo njaa huongezeka. Watafiti wa Melbourne, Australia, walieleza mwaka 2011 jinsi walivyowapunguza watu 50 kwa mlo mkali wa majuma 10 na kuwapima tena baada ya mwaka mzima. Homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya mwanzo, na watu wale walikuwa bado na njaa kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza. Upasuaji unafaa, miongoni mwa sababu nyingine, kwa kuwa huzigusa homoni hizi hizi na kuilegeza njaa. Kumtaka mgonjwa athibitishe kwanza kuwa anaweza kupungua bila upasuaji ni kumtaka mwenye macho mabovu asome maandishi ya ubaoni kabla ya kupewa miwani. Tena wengi wao wamekwisha kujaribu, si miezi 6 bali miaka 20, na mizani imekwisha kuwajibu.

Mtihani huu una mtego mwingine pia. Pale ambapo bima huangalia kipimo cha mwisho badala ya kile cha siku ya kwanza, mgonjwa mwenye 36 na kisukari akijitahidi akashuka hadi 34.5 hujikuta amejitoa mwenyewe katika idadi ya wanaostahili. Asiposhuka, huitwa mvivu. Katika hali zote mbili gharama hailipwi. Baada ya miezi kadhaa uzito hurudi, kwa kuwa homoni zile hazikusahau, na safari huanza upya huku kisukari kikiendelea na kazi yake katika figo na macho.

Chama cha madaktari wa Marekani wanaofanya upasuaji huu kilitoa tamko mwaka 2011, kikalirudia kwa mapana mwaka 2016: kwamba hakuna jaribio la kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wala uchunguzi mkubwa wa kufuatilia wagonjwa, unaoliunga mkono sharti la bima la kupunguza uzito kwa miezi, na kwamba sharti hilo huchelewesha tiba inayookoa maisha. Waweza kusemwa kuwa wapasuaji wanautetea mkate wao, na hilo si neno la kupuuzwa. Lakini jibu la tuhuma hiyo ni ushahidi wa upande wa pili, na wenye uwezo wa kuuleta ni kampuni zilezile zenye majalada ya maelfu ya wagonjwa. Baadhi yao zimekwisha kuliondoa sharti hili, nyingine zinalishikilia.

Haki yadai kusema kuwa muda wa maandalizi si wa bure. Mvuta sigara hana budi kuacha, kwani kidonda chake hakitapona vizuri. Mwenye kukatikiwa na pumzi usingizini hupaswa kutibiwa kabla ya kupewa nusukaputi. Sukari ya damu hupaswa kutulizwa. Tena mgonjwa afundishwe kwamba baada ya upasuaji atakula kidogo kidogo na kumeza vitamini na madini kwa maisha yake yote, maana mwili wake hautaweza tena kufyonza vya kutosha chuma na vitamini B12. Haya yote huhitaji daktari, mtaalamu wa lishe na wakati. Lakini yana kipimo chake chenyewe: sukari imetulia au haijatulia, sigara imeachwa au haijaachwa. Mmoja atakuwa tayari katika majuma 5, mwingine katika miezi 9, na kalenda ya bima haiwezi kumjua yeyote kati yao.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili laweza kuonekana la mbali. Lakini unene na kisukari vimekwisha kuingia katika miji yetu, na Mloganzila, Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imeanza kuwawekea wagonjwa puto tumboni ili kuwapunguza uzito. Mwaka 2023 Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Siku itafika ambapo wenye kupanga huduma za bima wataulizwa ni nani alipiwe matibabu ya unene na kwa masharti gani, na njia rahisi itakuwa kuchukua kanuni zilizokwisha kuandikwa ng'ambo. Katika kanuni hizo watayakuta majuma 2 ya ini na miezi 6 ya jalada vimeandikwa pamoja, chini ya jina lile lile zuri.