Chai ya Chupani

Strungi, yaani chai isiyotiwa maziwa, iliyojazwa chupani alfajiri na kumiminwa adhuhuri pamoja na majani yake, kama ilivyoonekana wiki hii katika mkahawa mmoja wa Mombasa, huwa nyeusi tititi na yenye ukakasi, kwa kuwa tanini, yaani viambato vinavyoukausha ulimi, huzidi kutoka kadiri majani yanavyokaa katika maji ya moto. Chai ya bara la Kenya, inayochemshwa sufuriani na maziwa, huwa laini zaidi kwa sababu protini za maziwa hushikana na tanini hizo; ile ya Unguja hupambwa kwa iliki, mdalasini na mchaichai; na karaki ya Maskati, nzito kwa maziwa ya kopo, hunywewa kwa vikombe vidogo, na utamu wake ni wa kupendeza kweli. Mnywaji ndiye aingoje chai, si chai imngoje mnywaji. Ni aibu kwa mji ambao tangu 1969 umekuwa na mnada wa chai ya Kenya na nchi jirani kumpa mgeni chai iliyozidi ukakasi namna hii. Wenye mikahawa na wapike kidogo kidogo, tena wachuje majani kabla ya kujaza chupa.