Wosia si uchuro, kaka. Andika kabla hujapanda ndege

Wiki mbili zilizopita kaka yangu alinipigia simu saa nane usiku. Nasema kaka, ingawa ni mtoto wa mama mkubwa. Tumelala kitanda kimoja miaka sita, kwa hiyo wadau msinisumbue na neno binamu. Yuko Marekani, mwaka wa kumi na moja huu. Siku za kazi anabeba maboksi kwenye ghala. Wikiendi moja kila mwezi, na wiki mbili kila mwaka, anavaa magwanda ya jeshi la akiba la nchi ile.

"Dogo, tumeitwa," akasema. "Djibouti. Miezi tisa."

Nikamuuliza kama makaratasi yake yako sawa. Akacheka. Alisema walipangwa foleni, wakapita meza ya daktari, meza ya meno, meza ya malipo, mpaka meza ya mwanasheria wa jeshi. Dakika kumi na tano akawa na wosia mkononi, bure kabisa.

"Na kiwanja je?"

Kimya. Kiwanja cha Kigamboni, chenye msingi na kuta zilizofika kwenye lenta, kilichonunuliwa kwa jasho lake la ghalani, kimeandikwa jina langu.

Usingizi uliishia hapo.

Nimekaa nikatafakari siku kadhaa, na leo naandika kwa hasira kidogo. Nina hasira na kaka, na sisi ndugu zake, na hata hiyo meza ya dakika kumi na tano.

Kwanza tuelewane. Jeshi la akiba la Marekani msilichanganye na mgambo wetu wanaokimbizana na wamachinga. Hawa ni raia wenye kazi zao, mikopo yao na watoto wao, ambao siku moja hupokea amri ya kuondoka. Na vijana wa huku nyumbani wamo. Kati ya 2008 na 2016 kulikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliochukua wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Wengine waliingia na kadi zao za kijani kama kaka.

Kuna watakaoniambia Djibouti ni kambi tu, hakuna vita. Januari 28, 2024, droni ilipiga kituo kidogo kilichoitwa Tower 22 kule Jordan, sehemu ya malazi, alfajiri. Wanajeshi watatu wa Marekani walikufa. Wote watatu walikuwa wa jeshi la akiba, kutoka jimbo la Georgia, kikosi cha wahandisi: mmoja alikuwa na miaka 46, wa pili 24, wa tatu 23. Na kama Jordan ni mbali, kumbukeni Manda Bay, Lamu, Januari 5, 2020. Alikufa mwanajeshi mmoja wa Marekani na wafanyakazi wawili wa kandarasi. Kambi tu, eti.

Sasa tuzungumze sheria, maana hapa Wamarekani wamefanya kazi ambayo lazima niwasifie.

Kuna sheria ya mwaka 2003 inayojulikana kama SCRA. Mjeshi wa akiba akiitwa, deni alilochukua kabla ya kuitwa halitozwi riba ya zaidi ya asilimia 6 wakati yuko kazini. Amri ikiwa ya siku 90 au zaidi, anaweza kuvunja mkataba wa nyumba aliyopanga bila kupigwa faini. Akishtakiwa kwa madai akiwa mbali, anaweza kuomba kesi isimame kwa siku zisizopungua 90. Kuna nyingine ya 1994, USERRA, inayomtaka mwajiri amrudishe kazini kwenye ngazi ambayo angekuwa ameifikia kama asingeondoka.

Tamu, siyo? Ila sheria hizi hazijitekelezi zenyewe. Riba haishuki mpaka umwandikie aliyekukopesha na kuambatanisha nakala ya amri, na mwisho wa kufanya hivyo ni siku 180 baada ya kumaliza utumishi. Mkataba wa pango hauvunjiki kwa kumpungia mwenye nyumba mkono. Ni kwa notisi ya maandishi. Kazini unatakiwa utoe taarifa kabla ya kuondoka, na ukikaa jeshini zaidi ya siku 180 una siku 90 tu za kuomba kurudi.

Na hata ukifanya yote, utapigana. Mwaka 2011 benki ya JPMorgan Chase ilikiri kwamba familia za wanajeshi zipatazo 4,000 huenda zilitozwa kupita kiasi kwenye mikopo ya nyumba, na kwamba nyumba kadhaa zilichukuliwa kimakosa. Le Roy Torres, mjeshi wa akiba na askari wa jimbo la Texas, alipelekwa Iraq 2007, akarudi na mapafu mabovu, akagombana na mwajiri wake, ambaye ni jimbo lenyewe. Ilibidi afike Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2022, kwa kura 5 kwa 4, ndipo ilipoamuliwa kwamba jimbo linaweza kushtakiwa kwa sheria hiyo. Hesabu miaka. Sasa jiulize: mtu asiye na nakala hata moja ya barua aliyompa mwajiri wake angefika wapi?

Kaka alimwambia bosi wake kwa mdomo. Nilipomuuliza alisema, "Jamaa ni mwelewa." Haya.

Tuje kwenye bima. Mwanajeshi wa Marekani anaweza kuwa na bima ya maisha ya hadi dola 500,000, kiwango kilichoanza Machi 2023. Wengi wanadhani wosia ndio unaogawa fedha hizo. Wapi! Zinakwenda kwa aliyeandikwa kwenye fomu ya bima, basi. Talaka haifuti jina, wosia haufuti jina. Sajenti mmoja, Richard Ridgway, aliachana na mkewe, na mahakama ya jimbo la Maine ikamwamuru aendelee na bima kwa faida ya watoto wake watatu. Akaoa tena, akabadilisha fomu, akafa. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba fomu ndiyo inayotawala. Fedha zikaenda kwa mke wa pili.

Nikamuuliza kaka, ambaye aliachana na mkewe miaka minne iliyopita, jina gani liko kwenye fomu yake. "Nadhani bado la mama mtoto." Nadhani! Nusu milioni ya dola, na mwenyewe anadhani.

Na kuna mtoto. Binti wa miaka minane anayeishi na baba yake. Jeshi humtaka mzazi aliye peke yake aandike mpango wa malezi: nani atakaa na mtoto, nani atamchukua kwa muda mrefu, fedha zitatoka wapi. Kaka aliandika jina la rafiki yake. Hakumwambia mama wa mtoto. Sasa mpango huo ni karatasi ya jeshi, haufuti haki ya mzazi aliye hai wala amri ya mahakama. Mama akienda kortini siku ya pili baada ya ndege kuondoka, yule rafiki ataonyesha nini?

Hiyo ni nusu ya Marekani. Nusu ya nyumbani ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Mwanasheria wa jeshi alimtengenezea kaka hati ya kumpa mtu mwingine uwezo wa kusimamia mambo yake. Hati nzuri, yenye muhuri. Sheria ya shirikisho inayalazimisha majimbo yote ya Marekani kuikubali. Haimlazimishi afisa ardhi wa Kigamboni. Yeye ana taratibu zake za uthibitisho na usajili, na atakuangalia juu ya miwani mpaka uzitimize. Halafu hati ya namna hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Kuna watu wanakwenda msibani wameishika mkononi wakidhani wana mamlaka. Hawana.

Kwenye ile foleni, kaka anasema, hakuna aliyemuuliza kama ana mali nje ya Marekani. Sishangai. Fomu imetungwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba Ohio, mke mmoja na mbwa. Haimjui mtu anayemtumia mama yake fedha za dawa za presha kila mwezi, aliyemkopesha shemeji mtaji wa bodaboda bila maandishi, na mwenye kiwanja kwa jina la mdogo wake. Kwa nini jina la mdogo wake? Kwa sababu alikuwa anafuatilia uraia wa Marekani, Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na akaogopa kiwanja kingemletea balaa. Wako wengi ughaibuni waliofanya hivyo. Wosia wake unasema anamwachia binti yake mali yake yote. Kwenye daftari la ardhi, kile kiwanja si mali yake. Ni changu. Nikifa mimi kesho, warithi ni watu wangu, na hakuna mstari mmoja popote unaosema vinginevyo.

Mimi ni ripota. Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama za mirathi hapa Dar, daftari mapajani. Nimewaona ndugu wa tumbo moja wakirushiana muhtasari wa kikao cha ukoo, kila mmoja na wake, kila mmoja na sahihi za wazee wake. Nimemsikia mjane akiulizwa risiti ya saruji ya miaka kumi iliyopita. Sijamwona marehemu hata mmoja akisimama kueleza alichokuwa anamaanisha.

Nilikwenda kwa mama mkubwa kumweleza. Shikamoo, marahaba, chai, kisha nikasema inabidi kaka apange vizuri mambo ya urithi kabla hajaondoka. Akaweka kikombe chini. "Mnataka kumzika mwanangu akiwa hai? Mungu apishe mbali. Huo ni uchuro."

Namheshimu sana mama mkubwa. Lakini mama mkubwa yumo kwenye chama cha kuzikana. Miaka ishirini analipa kila mwezi, daftari lake halijaruka mwezi. Turubai, maturubali ya akiba, sufuria za pilau, gari la maiti, vyote vimeshapangwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anajiitia kifo. Tunapanga sherehe ya mazishi kwa uhodari kuliko taifa lolote, ila ukitaja nani atalipa ada ya mtoto baada ya watu kula wali na kuondoka, wewe ni mchawi.

Nilimwambia hivyo, kwa upole. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na kile kiwanja, kikitokea la kutokea, utampa mtoto?" Ndiyo, mama. "Na mke utakayeoa, naye atampa?" Sikuwa na jibu.

Kuna wasomi watakaoniambia kwamba ndugu wanaoaminiana hawahitaji maandishi. Huo ndio uongo tunaopenda kujidanganya nao. Kaka ananiamini mimi. Hamjui mke wangu wa kesho, wala watoto wangu, wala mtu anayenidai. Maandishi yanamlinda mtoto wake dhidi ya watu ambao mimi na yeye hatujawaona bado.

Kwa hiyo kaka, na wote mliovaa magwanda ya wikiendi huko, sikilizeni. Fungua fomu ya bima leo usiku usome jina lililoandikwa. Kama mrithi ni mtoto mdogo, weka utaratibu wa kisheria wa kumshikia fedha, maana hazitawekwa kwenye kiganja chake. Zungumza na mzazi mwenzako, mkubaliane kwa maandishi, hata kama hamsalimiani. Mwandikie bosi barua, bakiza nakala. Hati ya kumpa mtu uwezo, iwe kwa jambo maalumu na iwe na tarehe ya mwisho. Usimkabidhi mtu maisha yako yote kwa sahihi moja. Kisha mtafute wakili wa nyumbani kwa mambo ya nyumbani. Andika wosia wa mali ya huku kwa sheria ya huku, kwa mashahidi. RITA wanahifadhi wosia. Uangalie tu wosia mmoja usiufute mwingine. Kama wewe ni Mwislamu, kumbuka mipaka ya theluthi moja, ule wa dakika kumi na tano haukuuliza.

Na sisi tuliobaki, tuache kuwapigia simu za ada na saruji kila mwisho wa mwezi halafu tunaziba masikio wakitaka kutuambia nini kiwe cha nani.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili. Nimesaini tamko kwamba kiwanja kilinunuliwa kwa fedha za kaka na mimi nakishika kwa niaba yake na ya mtoto wake. Mashahidi wawili, nakala tatu, moja kwa mama mkubwa, ambaye ameiweka pamoja na daftari la chama cha kuzikana. Kuhamisha jina kutachukua muda, lakini tumeanza.

Nilipokuwa natoka, wakili akaniuliza, "Na wosia wako wewe uko wapi?"

Nina miaka 27. Nikacheka kama kaka alivyocheka kwenye simu. Halafu nikarudi nikaketi.

Naomba kutoa hoja.