Saratani inapobana uti wa mgongo, hatima ya mgonjwa huanzia Issuna

KATIKA kata ya Issuna, mkoani Singida, maumivu ya mgongo si habari. Anayeshinda akipalilia alizeti hulala akiulalamikia mgongo, humeza panadol na kesho hurejea shambani. Ndiyo maana maumivu ya aina nyingine, yale yanayozidi usiku mgonjwa anapolala, hupita bila kutiliwa shaka.

Kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, tezi dume au mapafu, maumivu hayo yaweza kuashiria kwamba ugonjwa umehamia kwenye pingili na kuanza kubana mishipa ya fahamu. Miguu hulegea, haja ndogo hufunga. Kuanzia hapo, zinazohesabiwa ni saa.

Anayeanza tiba akiwa bado anatembea, mara nyingi huendelea kutembea. Anayefika amebebwa, ni nadra kuinuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet, ukihusisha wagonjwa 101 nchini Marekani, ulionyesha kuwa asilimia 84 ya waliopasuliwa kisha kupewa mionzi waliweza kutembea, dhidi ya asilimia 57 ya waliopata mionzi pekee. Ni kweli kwamba wengi huishi miezi michache tu. Lakini kuiishi miezi hiyo ukienda msalani mwenyewe si sawa na kuiishi ukigeuzwa kitandani.

Upasuaji wa namna hiyo hufanywa MOI na mionzi hutolewa Ocean Road, zote za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Issuna. Bugando, jijini Mwanza, nayo hutoa mionzi. Mabasi hupita Issuna kila siku. Kinachopotea ni siku za kabla ya kulipanda: zahanati, hospitali ya wilaya, barua ya rufaa, nauli ya mgonjwa na msindikizaji, na pengine mganga wa kienyeji katikati.

Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2019 uliofanyika Uingereza na Australia ulileta nafuu. Waliopewa mionzi mara moja tu na kutembea baada ya wiki nane walikuwa asilimia 69, na waliopewa mara tano asilimia 73. Watafiti hawakuweza kutamka kitaalamu kwamba njia hizo zinalingana, ila kwa anayelipia malazi mjini tofauti hiyo ni ndogo.

Aidha, deksamethazoni, dawa ya bei nafuu inayopunguza uvimbe unaobana mishipa, yaweza kuanzishwa na daktari wa wilaya wakati rufaa ikiandikwa. Kinachotangulia ni maswali mawili ya zahanati: umewahi kutibiwa saratani? Miguu inakufa ganzi?