Kifua Kikuu Si cha Kifua Pekee

Jina la ugonjwa laweza kumpoteza mgonjwa. Nikiwa mwanaisimu, naona “kifua kikuu” ni jina la namna hiyo: hutufanya tusubiri kikohozi, ilhali maradhi hayo huweza kujificha hata katika titi, yakajitokeza kama uvimbe au jipu lisilopona. Mama wa Kisii au Nyamira aliye na uvimbe huo hudhani ni saratani, akakata tamaa. Sindano nyembamba huvuta chembechembe zikachunguzwa kwa hadubini ili kupambanua maradhi hayo mawili. Shaka ikibaki, hukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwa. Kifua kikuu kikithibitika, hutibiwa kwa dawa za miezi 6 au zaidi, zitolewazo bure katika hospitali za serikali. Basi sindano na itangulie kisu, nasi tusikawie kwenda kupimwa.