Ukungu Kiooni: Somo Lililosahauliwa

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Uyole ni kali. Gari likijaa abiria, pumzi zao hukutana na kioo baridi, mvuke ukageuka matone, na dereva haoni njia. Wengi hufuta kioo kwa kitambaa huku gari likienda. Kwa maoni yetu, hatari hii hutokana na kutovielewa vishikio vilivyo mbele ya dereva.

Maji yazungukayo katika injini huchukua joto lake. Sehemu ya maji hayo hupita katika rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa juu yake. Kishikio kimoja huongoza kasi ya feni. Cha pili, kiasi cha joto. Cha tatu, mahali hewa itokeapo. Cha nne hufungulia au kuzuia hewa ya nje. Ikizuiwa, unyevu wa pumzi hubaki ndani na ukungu huzidi.

Basi dereva afungulie hewa ya nje, aelekeze joto kiooni. Kiyoyozi kikiwapo nacho kiwashwe, kwani mabomba yake baridi hukausha hewa.

Mafundi wang'oao themostati nao wakumbuke: bila hiyo injini hukawia kupata moto, na feni hupuliza baridi.

Walimu wa Fizikia wasiishie ubaoni. Gari lililoegeshwa shuleni ni maabara tosha. Mwanafunzi wa leo ndiye dereva wa kesho katika ukungu wa barabara ya Uyole na Tukuyu.